Aliyeanguka Mtihani Akagundua Nyota

(Hii ni hotuba aliyoitoa mfanyakazi wetu wa huduma za jamii katika siku ya wazazi na wanafunzi wanaosaidiwa karo na parokia. Tumeichapa karibu kama alivyoisema, kwa kuwa wengi waliomba nakala.)

 Nimeambiwa nisizidi nusu saa kwa sababu chakula kiko tayari, na harufu yake hata mimi naisikia. Basi nitajitahidi.

Siku si nyingi zilizopita, mzee mmoja alikuja ofisini kwangu na bahasha. Ndani yake mlikuwa na matokeo ya binti yake aliyemaliza gredi ya tisa. Akaiweka mezani, akaniambia, "Mama, huyu amenivunja moyo. Sayansi ameanguka. Naomba ule msaada wake wa karo mumpe kaka yake, na yeye abaki amsaidie mama yake sokoni." Nikamwuliza, je, binti mwenyewe anasema nini? Mzee akanishangaa. Akasema, "Aseme nini? Karatasi imeshasema."

Maneno hayo yamekaa nami. Karatasi imeshasema. Sikumjibu siku ile, maana sikuwa na jibu zuri. Leo nataka kujaribu kujibu kwa kuwasimulia habari za mwanafunzi mmoja ambaye karatasi ilisema vibaya juu yake alipokuwa bado mtoto. Si hadithi ya sungura na fisi. Ni mambo yaliyotokea, na mwenyewe ameyasimulia mara nyingi mbele ya watu. Mnaponisikiliza, naomba mhesabu kitu kimoja tu: milango. Mlango gani ulifungwa, na ni nani aliyeufungua.

MTIHANI WA KWANZA

Jina lake ni Jocelyn Bell. Alizaliwa Julai 1943 huko Ireland ya Kaskazini, akakulia mashambani karibu na mji wa Lurgan. Baba yake alikuwa msanifu wa majengo, na mojawapo ya kazi zake ilikuwa jumba la kuonyeshea nyota katika mji wa Armagh. Mzee huyu alipenda vitabu. Alikuwa akileta nyumbani vitabu vya maktaba kuhusu nyota, na binti yake akivichukua na kwenda kuvisoma. Hakuna aliyemwambia, "Weka chini, hicho si cha wasichana."

Siku hizo, huko kwao, mtoto alifanya mtihani akiwa na umri wa miaka 11 hivi. Mtihani huo ndio uliowagawa watoto: hawa wataendelea na masomo ya juu, wale wajifunze kazi nyingine. Jocelyn alianguka. Ndiyo, alianguka kabisa. Mtu ambaye baadaye aliongoza vyama vikubwa vya wanasayansi vya Uingereza alianguka mtihani wa watoto.

Wazazi wake hawakusema karatasi imeshasema. Walimwacha shuleni aendelee. Kisha, alipoanza masomo ya sekondari, likatokea jambo lingine. Siku ya somo la sayansi watoto waligawanywa. Wavulana wakapelekwa maabara. Wasichana wakapelekwa kwenye chumba cha upishi wakajifunze sayansi kimu. Wala hawakuulizwa.

Jioni Jocelyn akawaambia wazazi wake. Nao wakafanya nini? Wakaenda kulalamika. Wazazi wengine wawili watatu wenye mabinti wakafanya vivyo hivyo. Somo lililofuata, ndani ya maabara mlikuwa na wavulana wote na wasichana watatu. Mwalimu akawaketisha wasichana hao karibu naye awaone vizuri. Mwisho wa muhula, katika mtihani wa sayansi, nani alikuwa wa kwanza? Ni yule aliyeanguka.

Hapo nataka nisimame kidogo, niseme la kwangu. Mimi nilisoma katika shule ya kutwa ambayo sitaitaja. Tulipokuwa tunaingia kidato cha tatu, tuliambiwa kwamba vifaa vya fizikia havitoshi, kwa hiyo wasichana waache somo hilo. Mimi nilikuwa nalipenda. Nilifika nyumbani nikamwambia mama. Mama akaniambia, "Kama mwalimu amesema, amesema." Simlaumu marehemu mama yangu. Hakujua kwamba mzazi anaruhusiwa kwenda shuleni kuuliza. Kwake, mtu alikwenda shuleni kulipa karo au kuitwa kwa sababu mtoto amefanya makosa. Basi nikaacha fizikia. Kazi niliyo nayo naipenda, nawashukuru walionifundisha hadi nikapata diploma. Lakini ninaposoma habari za wasichana wale watatu, huwa nauliza: ingekuwaje kama wazazi wetu watatu tu wangeenda?

MSICHANA ALIYEPENDA USINGIZI

Wazazi wa Jocelyn walikuwa Wakristo wa jamii ya Marafiki, wanaojulikana pia kama Quaker. Sisi Wakenya tunawajua. Wamishonari wao walifika Kaimosi mwaka 1902, na leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Marafiki wa Uingereza walikuwa na shule ya bweni ya wasichana mjini York, na ndiko alikopelekwa. Huko akakutana na mwalimu wa fizikia aliyeitwa Tillott, mzee aliyekwisha kustaafu akarudi kufundisha. Jocelyn husema mwalimu huyo ndiye aliyemwonyesha kwamba fizikia si mzigo wa kukariri. Ukishika mambo machache ya msingi, hayo mengine unayajenga mwenyewe juu yake. Wanafunzi, hilo liandikeni mahali.

Sasa alitaka kusoma nyota. Lakini kulikuwa na shida, na hii itawachekesha. Watu wanaotazama nyota hufanya kazi usiku, na Jocelyn alikuwa mtu wa usingizi. Hakuweza kukesha. Akafikiri mambo yameishia hapo. Kumbe nyota hazitoi mwanga peke yake. Vitu vingi huko juu hutoa mawimbi ya redio, kama yale yanayobeba sauti ya mtangazaji hadi kwenye redio yako, ingawa hakuna anayetangaza. Mawimbi hayo yanaweza kupokewa hata mchana. Elimu hiyo ilikuwa mpya wakati huo. Basi akaona hapa ndipo pake.

Akaenda Chuo Kikuu cha Glasgow, Scotland, akamaliza fizikia mwaka 1965. Katika darasa lake la juu la fizikia alikuwa msichana peke yake. Kila alipoingia ukumbini, wavulana walipiga miluzi, wakapiga madawati kwa mikono na kukanyaga sakafu kwa kishindo. Kila siku, kila somo. Alijifunza kutembea hadi kiti chake bila kuonyesha uso kwamba imemwuma. Wavulana mlioko hapa, najua mnaona ni mchezo tu. Mwenzenu haoni mchezo. Anahesabu hatua hadi kiti chake.

MWANAFUNZI MWENYE NYUNDO

Mwaka huo huo wa 1965 akaenda Chuo Kikuu cha Cambridge kusomea udaktari. Si udaktari wa hospitali. Ni ile shahada ya juu kabisa, ambapo mwanafunzi hapewi vitabu vya kukariri. Anapewa jambo ambalo hakuna anayelijua bado, na anaambiwa alitafute. Yuko kama mwanagenzi kwa fundi: ana msimamizi anayemwongoza, lakini mikono inayochafuka ni yake.

Alipofika Cambridge aliogopa. Aliwaona wenzake wanavyojiamini akadhani amechukuliwa kwa makosa, na kwamba siku moja watagundua na kumfukuza. Akajiambia: basi, mpaka siku hiyo ya kufukuzwa nitafanya kazi kwa bidii yote, ili nikifukuzwa nijue kwamba sikuzembea. Naomba wanafunzi msikie hilo. Hofu mliyo nayo mnapoingia shule kubwa mkiwa na sanduku la mabati na viatu vya kuazima, hata yeye alikuwa nayo.

Kazi yake ya kwanza haikuwa ya kalamu. Msimamizi wake, Antony Hewish, alikuwa amechora mpango wa darubini ya redio, na ilibidi wanafunzi na wasaidizi wachache waijenge kwa mikono. Msifikirie darubini ya bomba na kioo. Ilikuwa kama shamba la mihimili na nyaya. Ilichukua ekari nne na nusu. Ilikuwa na miti zaidi ya 1,000 iliyosimamishwa ardhini, antena zaidi ya 2,000, na nyaya ambazo zikinyooshwa zingefika kilomita 190 hivi. Kwa miaka miwili Jocelyn alikuwa nje katika baridi, anapigilia miti kwa nyundo kubwa na kuunga nyaya. Amesimulia kwamba kufikia mwisho alikuwa anaibeba na kuipiga ile nyundo bila shida. Mama zetu wanaopasua kuni wanamwelewa.

Darubini ilianza kazi Julai 1967, na sasa ikawa mikononi mwake. Kazi ilikuwa kutafuta kwasari, vitu vya mbali sana vinavyotoa mawimbi ya redio yenye nguvu. Kalamu ilichora mistari juu ya karatasi ndefu inayojiviringisha, mita 30 hivi kila siku. Yeye ndiye aliyeisoma, kwa macho, hatua kwa hatua. Alijifunza kutambua: huu mchoro ni kwasari, huu ni kelele ya gari au mashine iliyo karibu.

Ndipo akaona kitu kidogo sana. Katika karatasi ya mita zaidi ya 100 kulikuwa na alama inayochukua kama nusu sentimita. Haikuwa kwasari. Haikuwa kelele ya gari. Mtu mwingine angeiruka. Yeye akakumbuka kwamba aliwahi kuiona alama kama hiyo, na katika upande ule ule wa anga. Akarudi nyuma kwenye karatasi za zamani akaitafuta. Ilikuwapo, tangu Agosti.

Kwa nini yeye aliiona? Mimi nafikiri ni kwa sababu waya zile alizifunga mwenyewe. Ukiijenga nyumba kwa mikono yako, usiku ukisikia mlio unajua kama ni mlango, ni paka, au ni mgeni.

TAP, TAP, TAP

Hewish alidhani ni kitu cha binadamu. Lakini Jocelyn alikuwa ameona jambo: alama ile ilifuata saa ya nyota. Wazee wetu waliokuwa wakitazama Kilimia ili wajue majira ya kupanda wanaelewa. Nyota hurudi mahali pake dakika nne hivi mapema kila siku. Magari na mashine hayafuati Kilimia. Kwa hiyo kitu kile kilikuwa juu, pamoja na nyota.

Wakakubaliana achore kwa mwendo wa haraka ili alama ile ipanuke ionekane vizuri. Kwa wiki kadhaa alikwenda kila siku kwa wakati wake, na kitu hakikujitokeza. Mnajua jinsi watu wanavyoanza kukutazama ukirudi mikono mitupu. Tarehe 28 Novemba 1967 kikajitokeza. Kalamu ikaruka, ikatulia, ikaruka, ikatulia, kila baada ya sekunde moja na thuluthi hivi. Hebu tupige makofi taratibu pamoja. Tap. Tap. Tap. Namna hiyo, bila kuchoka, bila kukosea. Hakuna nyota iliyokuwa inajulikana kufanya hivyo.

Wakaulizana: je, ni viumbe wengine wanatuita? Kwa utani wakakipa kitu hicho jina la vijitu vya kijani. Jocelyn hakufurahi. Alikuwa amebakiza muda mfupi wa msaada wake wa fedha, anataka kumaliza masomo, na sasa vijitu vinakuja kumharibia kazi!

Kabla tu ya Krismasi akaona alama nyingine kama ile, katika upande mwingine kabisa wa anga. Ilibidi aende kituoni saa nane usiku, yule mtu wa usingizi. Ilikuwa baridi kali na mitambo ilikuwa haifanyi kazi vizuri. Akaipulizia pumzi ya moto, akaikaripia, ikakubali kufanya kazi kwa dakika tano tu. Zikatosha. Tap, tap, tap, mara hii kwa haraka kidogo. Basi akajua kwamba si vijitu, maana vijitu wa pande mbili tofauti wasingeamua kutupigia simu kwa namna moja. Ni aina mpya ya nyota. Akaenda nyumbani kula Krismasi moyo umetulia.

Nyota hizo zinaitwa pulsa. Nyota kubwa ikifikia mwisho wa maisha yake hulipuka, na kiini chake hujikamua kikawa kitu kidogo, kizito ajabu, kinachoitwa nyota ya nyutroni. Uzito wake unazidi wa jua letu, lakini upana wake ni kilomita 20 hivi, safari ya matatu kutoka soko moja hadi jingine. Inazunguka kwa kasi, na mawimbi yake hutupitia kila ikizunguka, kama mnara wa taa wa bandarini unavyowapitia mabaharia kwa mwanga. Hiyo ndiyo tap, tap.

NANI ALIYETAJWA

Habari ilichapishwa katika jarida la Nature tarehe 24 Februari 1968. Jina la Hewish lilikuwa la kwanza, la Jocelyn la pili. Waandishi wa magazeti wakaja. Walimwuliza Hewish maana ya ugunduzi. Walimwuliza Jocelyn kama ana wachumba wangapi, na vipimo vya mwili wake. Alikuwa amevishwa pete ya uchumba wakati wa Krismasi ile, na amesema kwamba watu walimpongeza zaidi kwa pete kuliko kwa nyota.

Alimaliza shahada yake mwaka 1969. Kitabu chake cha utafiti kilihusu ile kazi aliyopewa mwanzoni. Pulsa aliziweka nyuma, katika kiambatisho. Aliolewa, na kwa kuwa mumewe alihamishwa hamishwa kikazi, alimfuata, na kwa miaka mingi akafanya kazi ya saa chache huku akilea mtoto. Kila alipofika mji mpya aliandika barua kuomba kazi katika kituo kilichokuwa karibu. Akina mama wanaofuata waume zao kila uhamisho hawahitaji kuelezwa.

Hapa habari hii inapita nyumbani kwetu. Karibu na Malindi, baharini, Waitaliano walikuwa na jukwaa la San Marco la kurushia setilaiti. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu yetu ya Jamhuri, ilirushwa hapo setilaiti ya Marekani ikapewa jina la Uhuru, kwa heshima ya nchi yetu. Uhuru ilikuwa ya kwanza kutengwa kwa kazi ya kuchunguza miale ya eksirei inayotoka angani, na ilionyesha kwamba nyota fulani za nyutroni hupiga tap tap hata kwa miale hiyo. Halafu tarehe 15 Oktoba 1974 Waingereza wakarusha setilaiti yao, Ariel V, kutoka pale pale. Jocelyn alikuwa ameanza kazi katika maabara iliyoshughulikia setilaiti hiyo.

Siku hiyo hiyo, tarehe 15 Oktoba 1974, kulitangazwa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Ilikuwa mara ya kwanza kutolewa kwa kazi ya kuchunguza anga. Walipewa wanaume wawili, Martin Ryle na Antony Hewish, na Hewish alitajwa kwa ajili ya pulsa. Aliyeziona pulsa hakutajwa kati ya washindi.

Wanasayansi wengine walipiga kelele, hata mtu mkubwa kama Fred Hoyle. Mwenyewe hakulalamika. Alisema msimamizi ndiye anayebeba lawama kazi ikishindikana, kwa hiyo na sifa ni zake. Mimi nawaambia ukweli, ningekasirika. Na nafikiri tunaweza kuheshimu upole wake na bado tukasema haikuwa sawa. Mwaka 1993 tuzo hiyo ilitolewa tena kwa ajili ya pulsa ya namna nyingine, na safari hii mwanafunzi na profesa wake walipewa wote wawili. Kumbe iliwezekana.

Tusiwacheke Wazungu. Katika miradi yetu, ripoti inaandikwa jina la mwenyekiti. Mama aliyekuwa wa kwanza kuona kwamba maji ya kisima yamebadilika rangi, aliyetembea kwenda kusema, hatajwi popote. Mwakani akiona jambo lingine, atanyamaza.

ALIVYOUFUNGUA MLANGO

Hakubaki chini. Mwaka 1991 akawa profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kinachofundisha watu wazima wakiwa nyumbani na makazini, watu ambao milango yao ilifungwa mapema. Aliongoza chama cha wanasayansi wa nyota cha Uingereza, kisha taasisi ya wanafizikia. Mwaka 2021 akapewa Nishani ya Copley, mwanamke wa pili tu kuipata, na nishani hiyo hutolewa tangu miaka ya 1700.

Wala hakuwa mtu wa hesabu peke yake. Alikusanya mashairi yanayozungumza juu ya nyota, akayatafuta kwa miaka, na mwaka 2008 yeye na mshairi mmoja wakatoa kitabu cha mashairi ya anga. Aliendelea pia na ibada ya Marafiki, ile ya kuketi kimya pamoja, hata akawa karani mkuu wa mkutano wao wa mwaka nchini Uingereza kuanzia 1995 hadi 1997. Nawatajia haya kwa sababu wazazi wengine hudhani mtoto anayependa kwaya au mashairi hawezi kuwa wa sayansi. Anaweza.

Mwaka 2018, zaidi ya miaka 50 tangu aione ile alama ya nusu sentimita, alipewa tuzo kubwa ya dola milioni 3. Hebu jiulizeni mngefanya nini na hizo fedha. Yeye alizitoa zote. Alizikabidhi taasisi ya wanafizikia ya Uingereza na Ireland zilipie masomo ya udaktari wa fizikia kwa wanafunzi ambao huwa hawaonekani sana humo: wanawake, watu wa makabila madogo ya huko, na wakimbizi. Alisema yeye aliziona pulsa kwa sababu alikuwa mgeni mahali pale, mwenye hofu na bidii ya mgeni, na kwamba wageni wengine wataona mambo ambayo wenyeji wameyaruka.

SASA NA SISI

Nilisema mhesabu milango. Mtihani ulifunga, wazazi wakafungua. Maabara ilifungwa, wazazi watatu wakaenda shuleni ikafunguliwa. Usiku ulimshinda, mchana ukampa nafasi. Kelele za wavulana zilifunga, akapita katikati yake. Tuzo ilimpita, na fedha zilipokuja akazigeuza kuwa mlango wa watu wengine.

Sisemi kila mtoto aliyeanguka ataona nyota mpya. Ningekuwa nadanganya, na mngeniuliza mwakani. Wala sidharau soko. Mimi nimelelewa na meza ya nyanya. Nasema hivi: karatasi inaeleza siku moja. Ilimweleza Jocelyn vibaya, na kama watu wazima waliokuwa karibu naye wangekubali, leo tusingejua wangemwita nani. Mtoto wa miaka kumi na mitano hawezi kwenda kwa mwalimu mkuu kuuliza kwa nini wasichana wameondolewa maabara. Wewe unaweza. Nauli ya kwenda shule ni kidogo kuliko karo.

Kwa hiyo ninaomba kamati, mbele ya watu wote hapa, tukubaliane kwamba msaada wa mtoto hautahamishwa kwa sababu ya matokeo ya mtihani mmoja. Kwanza tumwite mwenyewe tumsikilize. Tumwite mwalimu wake. Tujue kama shule ina maabara, na kama yeye huingia humo. Kisha ndipo tuamue.

Na mzee wangu mwenye bahasha, kama uko hapa, sikutaji jina, na hujanijibu bado. Bahasha iko katika droo yangu. Njoo uichukue, lakini njoo na binti. Nataka kumsikia yeye.

 Sasa twendeni tukale.

MASWALI YA KUJADILI VIKUNDINI

1. Katika jumuiya yetu, ni watoto gani walioacha shule baada ya mtihani mmoja? Je, kuna aliyewauliza wenyewe?

2. Mara ya mwisho ulikwenda shuleni kwa mtoto wako bila kuitwa ni lini? Ni nini hutuzuia?

3. Katika shule zilizo karibu nasi, wasichana huingia maabara sawa na wavulana? Nani kati yetu atakwenda kuuliza, na siku gani?

4. Katika mradi wetu, ni kazi ya nani ambayo haijawahi kutajwa katika ripoti?